Haibridi iliyopata ajali: shughulika kwanza na betri ndogo

Toyota Aqua, gari la haibridi lenye injini ya petroli pamoja na mota ya umeme, ikitumbukia mtaroni usiku kati ya Mingoyo na Mtama mkoani Lindi, zimamoto bado wako mbali. Wanaofika kwanza ni kijana wa bodaboda, dereva wa lori la korosho aliyekuwa akija nyuma, na watu wa kijiji cha jirani waliosikia kishindo. Papo hapo maneno yanagawanyika. Mmoja anakemea: "Msiiguse, hiyo ya umeme, itawapiga shoti wote!" Mwingine keshapitisha mkono dirishani, anamfungulia abiria mkanda. Huyu wa pili ndiye aliye sahihi, na inafaa ajue kwa nini, kwa sababu akijua atafanya kazi yake bila kusitasita na ataacha kugusa vile vichache ambavyo kweli vinaua.

Umeme hauko kwenye bodi

Umeme wa nyumbani unampiga mtu aliyesimama chini kwa sababu upande mmoja wa mfumo wake umeunganishwa na ardhi. Betri kubwa ya haibridi haikuunganishwa hivyo. Nyaya zake zote mbili, chanya na hasi, zimetengwa na bodi. Hata mmoja ukichubuka ukagusa bati, umeme hauna njia ya kurudi, na kompyuta ya gari ikiona uvujaji huo inawasha taa ya onyo. Ili upigwe shoti lazima uguse pande zote mbili kwa pamoja, au uguse upande mmoja wakati ule mwingine umeshagusa bati. Inayotumia bodi kama njia ya kurudishia umeme ni ile betri ndogo ya volti 12, ambayo haina nguvu ya kumpiga mtu.

Kwa hiyo fungua mlango, vunja kioo, mtoe mtu. Hatari za haibridi ziko kwingine: gari lililonyamaza kumbe bado limewaka, nyaya za rangi ya chungwa zilizokatika, na moto unaokuja baadaye wakati kila mtu ameshaondoka.

Nyaya hizo za chungwa hazina mzaha. Betri ya Aqua iliyoanza kuuzwa Japani mwishoni mwa 2011 ina volti 144, na inveta, kifaa kinachoandaa umeme wa betri kwa ajili ya mota, inazipandisha hadi 520. Prius ya kuanzia 2003 ina volti 201.6 zinazopanda hadi 500; iliyoifuata mwaka 2009 inafika 650. Harrier ya haibridi ya 2005 ina 288, nayo inafika 650. Honda Fit ya haibridi ya 2010 ina volti 100 tu, ila ile ya 2013 ilibadilishiwa betri ikawa ya lithiamu yenye 172.8. Umeme wa soketi ya ukutani ni volti 230, na umeme wa betri ukivuka volti 60 huhesabiwa kuwa wa hatari. Basi hata ile Fit ya volti 100 si ya kuchezea.

Kwa nini betri ndogo

Hapa ndipo kwenye ufunguo wa jambo lote. Betri kubwa haipeleki umeme popote mpaka rilei, yaani swichi za umeme, zilizo ndani ya kasha lake zifunge. Rilei hizo zinashikiliwa na umeme wa volti 12. Ukiondoa volti 12, zinaachia zenyewe kwa springi, na umeme mkubwa unabaki umefungiwa ndani ya kasha. Ndiyo maana mwokoaji hahitaji kuigusa betri kubwa kabisa. Anayeishika ndogo ameizima na kubwa.

Gari lenyewe hujaribu kufanya hivyo. Mifuko ya hewa ikifumuka, sensa za mgongano huziamuru rilei ziachie. Lakini ajali nyingi hazifumui mifuko: gari limeserereka kwenye mchanga, limegonga ng'ombe, limeingia mtaroni polepole. Hapo upande wa umeme linaweza kuwa bado liko hai kabisa. Injini imenyamaza kwa sababu haibridi huzima injini yake kila isipoihitaji, na mtu akikanyaga mafuta kwa bahati mbaya wakati anavutwa kutoka kwenye siti, gari linaondoka. Kimya chake kisikudanganye. Kinachosema ukweli ni taa ya kijani iliyoandikwa READY kwenye dashibodi.

Na utajuaje kwamba ni haibridi? Nembo ya HYBRID huwa nyuma au ubavuni, na nembo ya Toyota huwa na rangi ya buluu. Lakini gari likishapigwa rangi upya, au nyuma yake ikishabonyea, usitegemee nembo. Tazama kitufe cha POWER pembeni mwa usukani, kisha fungua boneti uone kama kuna nyaya nene za chungwa. Matundu ya kuvutia hewa pembeni mwa siti ya nyuma nayo ni alama, kwani betri ya Aqua na Prius hupozwa kwa hewa ya ndani ya gari.

Hatua zenyewe, kwa mpangilio wake

Usisimame mbele wala nyuma ya gari. Lifikie kwa ubavu, uweke jiwe au kabari mbele na nyuma ya tairi moja angalau. Likae kwenye P. Kwenye Prius P ni kitufe cha umeme, kwenye Aqua ni mkono wa gia wa kawaida. Vuta breki ya kuegesha.

Kisha angalia dashibodi. Kama imewaka, washa kwanza taa za hazadi, na ufanye sasa yale yote yanayohitaji umeme: shusha vioo, fungua loki za milango, fungua mlango wa buti, rudisha nyuma siti kama ni ya umeme. Ukishafungua betri ndogo hutayapata tena. Wengi hukwama hapa, maana kwenye Prius betri ndogo yenyewe iko ndani ya buti, upande wa kulia, na mlango wa buti unafunguliwa kwa kitufe cha umeme. Aliyezima mapema huingia kwa kupanda juu ya siti za nyuma huku akitafuta kitu gizani kwa tochi ya simu.

Sasa bonyeza POWER mara moja, READY izimike. Kama dashibodi ilikuwa imezimika tangu mwanzo, usikibonyeze kitufe hicho hata kwa kujaribu, kwa sababu unaweza kuliwasha. Ufunguo wa kisasa upeleke angalau mita 5 kutoka kwenye gari. Kuna jambo moja la kuangalia hapa: majeruhi akipakiwa kwenye Noah kuwahishwa hospitali ya Nyangao au Ndanda na ufunguo uko mfukoni mwake, gari lililokuwa READY halijizimi. Litalia kidogo na kuendelea kuwaka. Ufunguo kuwa mbali unazuia kuliwasha upya. Hauzimi lililokwisha kuwaka.

Ndipo uifuate betri ndogo. Kwenye Aqua iko chini ya siti ya nyuma, jirani na ile kubwa. Kwenye Prius ya 2003 na ya 2009 iko kwenye buti. Zipo aina ambazo iko mbele kwenye boneti kama gari la kawaida. Spana namba 10 inatosha. Fungua nagetivu (hasi) kwanza. Ukianza na pozitivu na spana ikagusa bati, itatoa cheche, na pembeni pengine petroli inatiririka. Kichwa cha waya kikishatoka, kifunge kwa kitambaa kikavu au utepe na ukikunje mbali, kisije kikajirudia chenyewe. Hazadi zikizimika, ujue volti 12 zimeondoka kweli. Hiyo ndiyo sababu ya kuziwasha mwanzoni.

Kama huwezi kukifikia kitufe cha POWER, kwa mfano dashibodi imembana dereva, nenda kwenye boksi la fyuzi la kwenye boneti. Chomoa fyuzi iliyoandikwa HEV au IGCT kwenye mfuniko. Mfuniko ukiwa umepotea, au hujui kusoma mchoro wake, chomoa fyuzi zote, bila kubakisha. Halafu bado rudi ukaifungue betri ndogo.

Baada ya hapo, hesabu muda. Mifuko ya hewa inaweza kubaki na umeme kwa sekunde 90, hivyo usiweke kichwa chako kati ya usukani na majeruhi. Kapasita za inveta, vifaa vinavyotunza umeme kwa muda, huchukua hadi dakika 10 kumaliza umeme uliobaki. Dakika hizo hazimzuii mtu kumhudumia majeruhi. Zinamzuia anayetaka kukata au kugusa kitu chenye chungwa. Na ndani ya kasha la betri umeme haumaliziki hata baada ya mwezi, kwa sababu hiyo ni betri.

Kosa moja linalofanywa kwa nia njema: kioo kimegoma kushuka, mtu analeta betri ya lori na nyaya za kubustia. Kufanya hivyo ni kuziamsha rilei upya. Haibridi iliyogongwa haibustiwi. Kioo kikigoma, kivunje.

Kukata bati

Hili ni la zimamoto wenye mashine zao za haidroliki, ila fundi wa bodi mwenye grenda ya kukatia bati naye huitwa. Nyaya za chungwa kwenye Prius hupita chini ya sakafu kutoka nyuma kwenda mbele, wala hazipandi kwenye paa na nguzo za milango. Kwa hiyo kukata nguzo na kuondoa paa ni salama kwa upande wa umeme mkubwa. Kwenye nguzo tatizo ni jingine: mitungi midogo ya gesi ya mifuko ya hewa ya pembeni. Bandua plastiki ya ndani uone ilipo kabla ya kubana. Chini ndiko kwenye kizuizi. Usisukume sakafu kwa jeki, usitoboe chini ya siti ya nyuma, na usipitishe ubapa wa mashine mahali ambapo macho yako hayafiki. Gari lililolala ubavu linaonyesha tumbo lake lote, na waya wa chungwa uliochanika ukiuona hapo, uchukulie kuwa na umeme hata kama umefuata hatua zote.

Anayelazimika kuugusa avae glovu za mpira za umeme, daraja la 0, zinazostahimili volti 1,000, na za ngozi juu yake. Kabla ya kuzivaa, kunja mdomo wa glovu mpaka hewa ijae vidoleni, uisikilize kama inavuja. Tundu dogo kama la sindano linaifanya isiwe na kazi. Glovu za kuoshea vyombo hazihusiki.

Kilichomwagika chini

Watu wakiona majimaji husema "asidi ya betri". Mara nyingi siyo. Yenye rangi ya waridi kwenye Toyota ni maji ya kupozea injini na inveta. Maji masafi chini ya miguu ya abiria ni ya kiyoyozi. Betri za Aqua, Prius hizo mbili na Fit ya 2010 ni za nikeli, na kimiminika chake ni magadi makali ya potasiamu yaliyonyonywa na bamba zake, hivyo hata kasha likipasuka hutoka kidogo tu. Kikikugusa, utahisi utelezi kama wa sabuni, kwa sababu ndivyo kinavyofanya mafuta ya ngozi yako. Vua nguo iliyolowa na ujimwagie maji mengi kwa dakika 20. Usipake mafuta ya nazi, na usiweke siki kwenye ngozi wala machoni. Siki ni ya sakafuni: kilichomwagika ndani ya gari hutulizwa kwa siki, au kwa gramu 800 za unga wa asidi ya boriki zilizoyeyushwa kwenye lita 20 za maji, kisha kinafutwa.

Moto

Moto mdogo wa boneti au siti uzime kwa mtungi wa poda wa kawaida. Betri kubwa ikishaanza kuungua, poda inazima ndimi za moto lakini haipozi, na unawaka tena. Mchanga una kasoro hiyo hiyo na zaidi. Mtwara na Lindi mchanga uko kila unapokanyaga, na mkono wa kwanza huuchota. Ni mzuri kwa petroli iliyotapakaa barabarani. Juu ya betri unakuwa blanketi linalotunza joto ndani.

Maji ndiyo yanayopoza, na zimamoto wanaweza kuyatumia kwenye haibridi bila hofu ya kupigwa shoti kupitia bomba, wakiwa kwa umbali wao wa kawaida. Ni mengi yanayotakiwa. Betri ya Aqua inabeba chini kidogo ya kilowati-saa 1 na ya Prius 1.3, kiasi kidogo, ilhali Outlander ya kuchajiwa kwa waya ilitoka mwaka 2013 ikiwa na kilowati-saa 12, na magari ya umeme mtupu yanaweza kumeza maelfu ya lita. Huo ni mzigo wa gari la maji, ndoo za kisimani haziufikii. Kwa hiyo wapita njia wapige 114, waondoe watu, wasimame upande upepo unakotoka. Moshi wa betri ya lithiamu una gesi ya floridi ya haidrojeni inayochoma mapafu. Ukisikia mlio wa kufoka au kupasuka-pasuka kutoka chini ya siti, na moshi mweupe unatoka kabla ya ndimi kuonekana, rudi nyuma, moto umekwisha kuanza. Na mtu asichomeke nondo kwenye kasha ili kupitisha maji. Nondo hiyo inaunganisha chanya na hasi.

Maji ya chumvi ndiyo mabaya zaidi

Kwa mikoa hii, sehemu hii ina uzito kuliko zote. Kimbunga Hidaya kilipofika Mei 2024, mafuriko yalikata barabara kuu ya kwenda Dar es Salaam eneo la Somanga, Kilwa. Mito ya Matandu, Mbwemkuru na Lukuledi inajaa karibu kila masika. Magari yanazama.

Gari lililo majini haliingizi umeme kwenye maji yanayolizunguka. Aliyemo atolewe, na gari livutwe nje, liachwe lichuruzike maji, ndipo zifuatwe hatua za kuzima. Tofauti inakuja baada ya hapo. Maji ya mto yanaleta matope na kutu. Maji ya bahari yanapitisha umeme vizuri sana, na yakikauka yanaacha chumvi juu ya saketi, ambayo inavuta unyevu wa hewa ya pwani usiku na kuwa njia ya umeme. Gari lililokaa kimya siku kadhaa linaweza kuwaka moto lenyewe.

Oktoba 2012, kimbunga Sandy kilipoingiza bahari kwenye bandari ya Newark huko Marekani, magari 16 ya haibridi aina ya Fisker Karma yaliteketea yakiwa yameegeshwa. Wengi walizilaumu betri za lithiamu. Watengenezaji walipochunguza walisema chanzo ni chumvi iliyoharibu kompyuta moja ya gari, ikaleta shoti kwa umeme wa betri ndogo ya volti 12, na upepo ukausambaza moto kwa mengine. Betri ndogo, tena.

Hivyo haibridi iliyoonja bahari, iwe ni ya Mikindani au ya ufukwe wa Lindi mjini, haianikwi juani milango wazi na kuwashwa kesho yake "kuona kama itaitika". Fungua betri ndogo, iondoe kabisa kwenye gari, na kitufe cha POWER kisiguswe tena mpaka fundi mwenye vifaa vya umeme mkubwa aikague.

Kuivuta na kuiweka

Mota za haibridi zina sumaku za kudumu zilizounganishwa na magurudumu. Gurudumu la mbele likizunguka, mota inazalisha umeme hata gari likiwa limezimwa. Kuivuta kwa kamba kutoka Somanga hadi Lindi ni kuzalisha umeme kwenye nyaya ambazo huenda zimechubuka. Ibebwe juu ya gari la jukwaa, au magurudumu ya mbele yanyanyuliwe. Harrier nyingi za haibridi zina mota nyuma pia, hivyo magurudumu yote manne yasiguse chini. Prius iliyoondolewa volti 12 haitoki kwenye P. Tairi zake zitaburuzwa tu, basi tafuta vigurudumu vya kuwekea chini yake kabla hujaanza kuivuta kwa winchi.

Ikifika kituoni au gereji, iwekwe mita 15 kutoka kwenye jengo, gari jingine, au uzio wa makuti. Nafasi hiyo haipatikani kwa urahisi kwenye yadi zetu, na kishawishi ni kuibananisha ukutani chini ya mkorosho ili isichezewe spea. Kwa iliyogongwa nyuma au kuzama baharini, usikubali. Madirisha yaachwe wazi kidogo gesi isijikusanye, na mlinzi aambiwe aipitie usiku, asikilize mlio na kunusa.

Fundi anayeipokea awe na taarifa. Kondensa ya mbele ikiwa imepasuka, kwa mfano, kompresa ya kiyoyozi ni ya umeme mkubwa na inalainishwa kwa mafuta maalumu ya ND-11 yasiyopitisha umeme. Akijaza mafuta ya kawaida ya kiyoyozi, uvujaji unaanza ndani ya kompresa, taa ya onyo inawaka, na gari linagoma kuwa READY wiki kadhaa baada ya bodi kunyooshwa. Mwenye gari atauziwa betri kubwa nyingine asiyoihitaji.

Taarifa hizo ziandikwe kwa kalamu ya wino mzito kwenye kioo cha mbele, si kwenye karatasi ya kupeperushwa na upepo: HAIBRIDI; nagetivu imefunguliwa, tarehe na saa; imegongwa wapi; imezama au haikuzama, na kama ni mto au bahari; ufunguo yuko nao nani.